Wakala wa safari za ini, Arusha: faili safi, lakini mchangiaji wa pili hayumo kwenye hesabu

Wakala huyu ana ofisi Arusha mjini na dawati dogo Moshi. Kazi yake ni kumfikisha mgonjwa wa ini kwenye hospitali ya upandikizaji India, kumrudisha, kisha kumfuatilia nyumbani kwa vipimo vya damu, dawa na simu ya usiku. Jina tunaliacha. Tumepitia mkataba, orodha ya nyaraka, makadirio ya gharama na utaratibu wa kuchukua damu, tukavipima kwa swali moja: je, huduma hii inamfaa mtu aliyekwisha kupandikizwa ini, ini hilo likachoka, na sasa anaambiwa apandikizwe tena? Tunatoa nyota 3 kati ya 5. Kwa anayekwenda mara ya kwanza tungetoa 4.

Mgonjwa wa figo siku hizi ana njia fupi. Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Wa ini kutoka huku Kaskazini bado anakwenda KIA kupanda ndege. Na kule India, mgeni hupata ini kwa ndugu aliye hai karibu kila mara, kwa kuwa ini la marehemu hutafutiwa kwanza raia wao. Mchangiaji aliye hai hutolewa sehemu ya ini lake. Mgonjwa akiwa mtu mzima, mara nyingi ni upande wa kulia, kama asilimia 60 ya ini zima. Watu wamesikia kwamba ini huota tena, na ni kweli kwa kiasi: upande uliobaki hunenepa, na baada ya miezi miwili mitatu unakaribia ukubwa wa ini la mwanzo. Lakini upande uliokatwa, na mishipa na mirija yake, haurudi. Dada aliyetoa ini mara ya kwanza hawezi kutoa tena. Ini la pili linataka mtu wa pili.

Jambo hilo halimo popote kwenye karatasi za wakala. Makadirio yana mstari mmoja, "vipimo vya mchangiaji", na umewekewa bei ya mtu mmoja. Mtu anayefaa hapatikani kirahisi hivyo. Anatakiwa awe mtu mzima mwenye afya, kundi la damu lioane, asiwe na mafuta mengi kwenye ini, na picha ya CT ioneshe kwamba akishakatwa atabakiwa na angalau asilimia 30 ya ini lake; vituo vingi vinataka 35. Kipande anachotoa nacho kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji kipande cha gramu 560 au zaidi. Ukiwa na dada mwembamba wa kilo 48 na kaka mgonjwa wa kilo 85, hesabu hiyo huenda ikakwama mapema kabla hata ya kuzungumzia kundi la damu.

Tunachowashauri watu wa familia, na tunachotaka wakala akifanye, ni kuchuja wachangiaji hapa hapa kwa vipimo vya bei ndogo kabla ya kukata tiketi: kundi la damu, homa ya ini B na C, VVU, sukari, kriatinini ya kupima figo, vimeng'enya vya ini, na ultrasaundi ya kuangalia mafuta. Hakuna kati ya hivi kinachohitaji kuvuka mpaka. Homa ya ini B peke yake huwaondoa wengi, na mara nyingi huwa ndiyo iliyoharibu ini la mgonjwa, kwa hiyo ndugu waliozaliwa na mama mmoja wanaweza kuwa nayo wote bila kujua. Wakala huyu anapima kundi la damu tu, halafu anamsafirisha mchangiaji. Akirudishwa kutoka kule kwa sababu ya mafuta kwenye ini, nauli imekwenda, na mgonjwa amepoteza wiki tatu ambazo hana.

Mchangiaji naye aambiwe ukweli wake. Upasuaji wa kutoa upande wa kulia huua mtu mmoja kati ya 200 hadi 500. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na anayeibeba ni mtu mzima wa afya aliyeingia hospitali kwa miguu yake. Atakaa wodini kama wiki moja, na asinyanyue vitu vizito kwa wiki sita hadi nane. Mkulima wa mgomba au mbebaji wa sokoni asiahidiwe vinginevyo.

Sasa kuna suala la undugu. Sheria ya India ya viungo ya 1994, iliyorekebishwa 2011, inahesabu kuwa ndugu wa karibu mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Basi. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mtoto wa shangazi mliyelelewa naye nyumba moja Kibosho au Usa River ni "mdogo wangu" bila maelezo zaidi. Ukimwandika hivyo kwenye fomu, kamati ya idhini itauliza cheti cha kuzaliwa, itakuta mama tofauti, na kuanzia hapo kila neno lenu litatiliwa shaka. Binamu na mpwa hawakatazwi moja kwa moja, ila wako kundi jingine kabisa: hao wanatakiwa kuthibitisha kwamba wanatoa kwa upendo na hakuna fedha iliyopita mkononi. Familia za wageni hupita mbele ya kamati hata kama ni mtu na kaka yake wa tumbo moja. Wala msiende mkitumaini kumpata Mhindi mwema huko huko. Sheria imeufunga mlango huo, na anayedai anaweza kuufungua anawauzia jela.

Hapa wakala anastahili sifa. Orodha yake ya nyaraka za undugu ni nzuri kuliko tulivyotarajia: vyeti vya kuzaliwa vya RITA vya mgonjwa na mchangiaji, vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa kama ni mke au mume, picha za familia za miaka tofauti, barua ya ubalozi. Anakagua herufi kwa herufi, na majina yakipishana kati ya cheti cha ubatizo, pasipoti na NIDA (jambo la kawaida mno huku Kilimanjaro) anawapeleka kwa wakili mapema mkale kiapo. Kazi hiyo huchosha na wengi huiruka. Upungufu wake ni kwamba fomu ya mwanzo kabisa ina kisanduku kimoja kilichoandikwa "ndugu". Kingegawanywa: mama aliyekuzaa, ndugu wa mama mmoja, ndugu wa baba mmoja, binamu, mpwa, shemeji.

Faili la kitabibu lina karatasi nyingi ila limeacha iliyo muhimu kuliko zote. Wanakusanya muhtasari wa kuruhusiwa hospitali, majibu ya damu ya miezi sita na picha za ultrasaundi. Hawaombi taarifa ya upasuaji wa kwanza. Muhtasari husema "mgonjwa alipandikizwa ini". Taarifa ya upasuaji husema ateri ya ini iliungwa wapi na kwa namna gani, mrija wa nyongo uliungwa na mrija mwenzake au na utumbo, mshipa wa lango ulikuwa mzima au ulikuwa na damu iliyoganda, na kama wengu uliachwa. Daktari wa upasuaji anayefungua tumbo la zamani anaingia mahali penye makovu yaliyogandana na ini, utumbo na kiwambo cha kupumulia. Bila karatasi hiyo anapapasa. Iombeni kwa barua pepe kutoka hospitali ya kwanza, mkitaja namba ya usajili wa mgonjwa na tarehe ya upasuaji, na muanze mapema, kwa sababu idara za kumbukumbu hazina haraka popote duniani.

Faili pia linaanza na "ombi la kupandikizwa upya", kana kwamba swali limekwisha kujibiwa. Ini lililopandikizwa hushindwa kwa njia tofauti, na si zote zinazoishia kwenye ini jipya. Katika siku za kwanza, ini linaweza kukataa kabisa kuanza kazi, au ateri yake ikaganda. Mirija ya nyongo ya ini la kupandikizwa hulishwa na ateri hiyo pekee, kwa kuwa vijishipa vingine vilikatwa wakati wa kulitoa. Ateri ikiziba, mirija huoza na majipu huota ndani ya ini. Hayo kwa kawaida hutokea mgonjwa akiwa bado India, na wakala wa Arusha hana nafasi humo. Wanaofika dawatini Moshi ni wale wa baada ya mwaka, miaka mitatu, minane: manjano yamerudi, ngozi inawasha, homa inakuja na kuondoka.

Kwa hao, kinachotafutwa kwanza ni mrija wa nyongo uliosinyaa, hasa kama ini lilitoka kwa mtu aliye hai, maana mirija yake ni midogo na kuungwa kwake ni kugumu. Mrija huo hupanuliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ukawekewa kijirija cha plastiki kinachobadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, hadi mwaka. Wengi huponea hapo. Kama sivyo, inaangaliwa ateri kwa ultrasaundi ya Dopla, halafu kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa sindano (bayopsi) kuona kama mwili unalikataa. Ukataaji wa ghafla hutulizwa kwa dawa. Ule wa pole pole, unaomaliza mirija midogo ya nyongo mmoja baada ya mwingine, ndio unaofikisha watu kwenye ini la pili. Ugonjwa wa zamani nao hurudi. Homa ya ini B hurudi kwa anayeacha dawa zake za kuzuia virusi, entekaviri au tenofoviri, akidhani ini jipya halina historia. Homa ya ini C, iliyokuwa sababu kubwa ya kurudia upasuaji, imepoteza nguvu tangu vidonge vya kuiponya vianze kuenea miaka ya 2014 na kuendelea.

Kwa hiyo kabla ya kulipia faili, mgonjwa awe na Dopla, MRI ya mirija ya nyongo, kiwango cha dawa kwenye damu, kipimo cha wingi wa virusi kama alikuwa na B au C, na ikiwezekana majibu ya bayopsi. Aanzie kwa bingwa wa hapa kwa rufaa, hospitali ya KCMC Moshi au kwingine. Wakala huchukulia rufaa hiyo kama muhuri tu wa kugongwa. Tungependa aitumie kama kichujio.

Kipeperushi chao kinasema upandikizaji wa ini India hufaulu kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja baada ya upasuaji, vituo vizuri vinafika huko. Kwa mara ya pili namba hiyo si yake. Kumbukumbu za Marekani na Ulaya zinaonesha kwamba kati ya watu 100 waliopandikizwa upya, kama 70 huwa hai baada ya mwaka, na nusu au zaidi kidogo baada ya miaka mitano. Waliopandikizwa mara moja, karibu 75 hufika miaka mitano. Mara ya tatu ni chini zaidi. Ukichanganya makundi haya kwenye kipeperushi kimoja, familia inauza shamba ikitazama namba ya mtu mwingine.

Ndani ya hiyo 70 mna watu wa aina mbili. Anayekwenda akitembea, figo zikifanya kazi, anaweza kukaribia matokeo ya mara ya kwanza. Anayekwenda akiwa na figo zilizochoka, usaha kwenye ini au mashine ya kupumulia, matumaini yake hushuka sana. Kipimo kinachotumika ni alama ya MELD ya ukali wa ugonjwa wa ini, kutoka 6 hadi 40, inayohesabiwa kwa bilirubini (manjano kwenye damu), INR (kasi ya damu kuganda), kriatinini na sodiamu. Ikipita 25, wapasuaji wengi huanza kusita kumpandikiza mtu upya. Ikipita 30 huuliza waziwazi kama upasuaji utamsaidia au utamwahisha. Vipimo hivyo vinne vinapatikana hapa. Wakala avifanye kila wiki mbili na kuviweka kwenye chati moja, kwa kuwa mwelekeo wa namba humwambia daktari mengi kuliko namba moja ya siku ya safari. Kwa waliofeli mapema, siku 8 hadi 30 baada ya upasuaji wa kwanza ndicho kipindi kibaya zaidi cha kurudia: ile nafuu ya kuwahi imepita, na maambukizi yamekwisha kuingia. Na maambukizi ndiyo yanayoua wengi baada ya ini la pili, bakteria na fangasi, kuliko hata ukataaji wenyewe.

Gharama. Kifurushi chao ni siku 21 za wodi kwa mgonjwa na 10 kwa mchangiaji, pamoja na idadi fulani ya siku za ICU (chumba cha mahututi). Kwa ini la pili kifurushi hicho ni kifupi. Kukata makovu kunachukua saa nyingi na kumwaga damu. Ateri ya zamani mara nyingi haifai, ikabidi kuunga mshipa wa kuvusha damu kutoka aota, ateri kuu ya mwili. Mrija wa nyongo huungwa na utumbo, si na mrija mwenzake. Dawa za fangasi, ambazo ni ghali, huongezwa. Kila kimoja kina bili yake nje ya kifurushi. Ombeni makadirio yaandikwe "kupandikizwa upya", yakionesha bei ya siku moja ya ziada ya ICU, bei ya chupa moja ya damu, bei ya kusafisha figo mara moja, na nani analipa mgonjwa akirudishwa chumba cha upasuaji. Wakala alitoa majibu hayo alipoulizwa, hilo tunalikubali. Hakuyaweka mezani mwenyewe.

Viza waliielezea vizuri nusu. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni ya siku 60 na kuingia mara tatu. Mgonjwa huombwa abaki karibu na hospitali miezi miwili hadi mitatu, na ini la pili hulekea ule wa tatu. Siku 60 hazitoshi. Ama muombe viza ya kawaida ya matibabu ubalozini, ama mjue mapema kwamba mtaomba nyongeza kule kwenye ofisi ya usajili wa wageni. Mchangiaji naye anapasuliwa, kwa hiyo na yeye anahitaji viza ya matibabu. Asiombewe ya msindikizaji.

Huduma ya kuchukua damu nyumbani ndiyo tuliyoipenda, na ndiyo inayoharibika kwa kosa dogo. Takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, humezwa kila baada ya saa 12, na kiwango chake hupimwa damu ikiwa na kiasi cha chini kabisa, yaani dakika chache kabla ya dozi ya asubuhi. Aliyemeza saa 2 usiku atolewe damu saa 2 asubuhi, ndipo ameze. Mchukuaji wa wakala anaanzia Arusha, anapita Hai, anapanda Machame, anashuka Moshi, kisha Marangu. Mgonjwa wa Marangu anafikiwa saa 5. Kama amekwisha kumeza, kiwango kitasoma juu, daktari atapunguza dozi, na ini litaanza kukataliwa kwa sababu ya ratiba ya gari. Kama amesubiri bila kumeza, amechelewa saa tatu. Suluhisho halina gharama: mgonjwa wa mwisho kwenye njia asogeze saa zake za dawa kwa maelekezo ya daktari, iwe saa 5 usiku na saa 5 asubuhi, na mchukuaji aandike saa ya dozi ya mwisho kwenye chupa. Chupa iwe ya kifuniko cha zambarau. Kipimo hiki kinataka damu nzima, na chupa ya kifuniko chekundu inayogandisha damu haifai. Tulikuta fomu yenye nafasi ya saa ya kuchukua damu bila nafasi ya saa ya dozi.

Miezi ya mwanzo madaktari wengi hulenga nanogramu 6 hadi 10 kwa mililita, baadaye 4 hadi 7. Vinavyovuruga namba hizo vipo kila kona. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha takrolimusi ndani ya siku chache tu, hivyo anayeanzishiwa dawa za TB, iwe hospitali ya Kibong'oto au zahanati ya kijijini, ataje ini lake kabla ya kidonge cha kwanza. Karbamazepini na fenitoini za kifafa hufanya hivyo hivyo. Flukonazoli ya fangasi, antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini, na juisi ya balungi huipandisha, na kuhara nako huipandisha. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama pipi, zinaumiza figo ambazo takrolimusi imekwisha kuzichosha. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi alichopangiwa. Mizizi ya kuchemsha, mirungi na mbege viachwe. Maziwa yachemshwe, kisusio (supu ya damu) kisichoiva kisinywewe.

Dawa wanazoleta zilikuwa halisi na hazijaisha muda. Lakini walibadilisha kampuni ya takrolimusi kati ya mwezi mmoja na mwingine bila kumwambia mtu. Ukibadilishiwa, pima kiwango baada ya wiki moja. Na ile ya kumeza mara moja kwa siku haibadilishwi kienyeji na ya mara mbili hata kama miligramu zinalingana.

Kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na aliyepandikizwa hachomwi. Hupewa maelezo ya daktari ya kusamehewa, yakaandikwa kwenye kadi ile ile ya kimataifa. Wakala alikuwa na nakala tayari ya barua hiyo. Hongera.

Simu ya usiku inapokelewa. Anayepokea anajua kuuliza rangi ya mkojo na macho, ila hana kanuni ya homa. Aandikiwe ukutani: joto la 38 au zaidi kwa aliyepandikizwa ni hospitali usiku huo huo, kipimo cha malaria na damu ya kuotesha vimelea kabla ya antibayotiki. Asimwambie mtu asubiri kukuche.

Ofisi ya Arusha iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mwenye maji tumboni asipande. Dawati la Moshi liko chini, au mpigeni simu mfanyakazi ashuke na faili hadi kwenye gari. Wanashuka.